Baraza la Wazi, la Wavu wa Kudumu au la Wavu wa Kushusha: Ulinganisho kwa Wanaoishi Penye Joto

Penye joto kali, watu huhamia barazani jua linapopunguza makali, kwa sababu kuta za nyumba zinaendelea kutoa joto zililolifyonza mchana kutwa na ndani hapakaliki. Saa hizo hizo ndizo mbu wengi hutoka mafichoni. Hapo mwenye nyumba huanza kujiuliza kama afunge wavu pande zote za baraza, aliache wazi kama lilivyojengwa, au atafute wavu wa kushusha jioni na kupandisha asubuhi. Aliyefunga wavu mara nyingi husema baada ya miezi michache kwamba baraza limekuwa zito, halina hewa. Aliyeacha wazi huishia kunyanyuka na kuingia ndani kabla mazungumzo hayajaisha. Wote wawili wanasema kweli. Kila njia humpa mtu kitu na kumnyang'anya kingine, na kile anachonyang'anywa hakionekani siku ya kujenga.

Vigezo vya ulinganisho

Nimelinganisha njia hizi tatu kwa vigezo sita: wadudu unaotaka kuwazuia na saa wanazouma, upepo na joto, jua na mvua, vifaa na matunzo, gharama, na matumizi ya baraza ya kila siku. Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwa maoni yangu viwili vya kwanza vinazidi vingine vyote, kwa kuwa baraza lisilokalika kwa mbu au kwa joto halina kazi hata likiwa zuri na rahisi kutunza. Kwa hiyo nimevipa nafasi kubwa zaidi.

Kabla ya kuita fundi, ningemwomba msomaji afanye jambo moja. Akae barazani jioni nne au tano mfululizo, pamoja na asubuhi moja au mbili, na aandike kwenye karatasi saa alizokaa, upepo ulikotokea, saa ulipokatika, na saa alipoumwa kwa mara ya kwanza. Karatasi hiyo itamsaidia kuliko ushauri wa jirani, kwa sababu mabaraza mawili ya nyumba zilizopakana yanaweza kutofautiana sana: moja limeelekea upepo, jingine limekingwa na ukuta.

Wadudu na saa zao

Neno "mbu" linaficha tofauti kubwa. Mbu wa Anopheles, wanaoeneza malaria, huuma hasa kati ya machweo na mapambazuko. Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, huuma mchana, na kwa ukali zaidi asubuhi na katika saa chache kabla ya jua kuzama. Hupenda vifundo vya miguu, na mara nyingi mtu hamsikii mpaka ameshauma. Culex, aina nyingine ya mbu, ni wa usiku. Visubi ni wadogo zaidi, wengine wana urefu wa milimita 1 tu, nao hupatikana kwa wingi karibu na maji, matope na mikoko. Kumbikumbi na nondo hawaumi, lakini taa moja nyeupe barazani baada ya mvua inatosha kuwaleta kwa mamia.

Baraza la wazi halimzuii mdudu yeyote kuingia. Linachoweza kufanya ni kumzuia asitue. Chombo chake ni feni. Mbu huruka kwa mwendo wa kama kilomita 1.5 hadi 2.5 kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea, na mkondo wa feni humsukuma pembeni huku ukitawanya hewa ya pumzi na harufu ya mwili anayoifuata. Feni ya kusimama iliyoelekezwa miguuni hufanya kazi hii vizuri kuliko feni ya dari peke yake, kwa kuwa chini ya meza ndiko hewa hutulia na ndiko mbu hujificha. Taa zenye mwanga wa manjano nazo huvuta wadudu wachache kuliko taa nyeupe zenye rangi ya kuelekea buluu. Hata hivyo kinga hii huisha umeme unapokatika, na haimlindi mtoto aliyetoka kwenye mkondo wa feni kwenda kucheza pembeni.

Wavu wa kudumu huzuia wadudu bila kutegemea umeme wala kumbukumbu ya mtu, ilimradi matundu yake yalingane na mdudu anayezuiwa. Wavu wa kawaida wa madirisha una nyuzi 18 upande mmoja na 16 upande wa pili katika kila inchi, na matundu yake huwa na upana wa kama milimita 1.1 hadi 1.3. Huo unamzuia mbu na nzi, lakini visubi hupenya. Anayesumbuliwa na visubi anahitaji wavu wa nyuzi 20 kwa 20 au zaidi, wenye matundu ya chini ya milimita 1, naye atalipa kwa upepo kama nitakavyoeleza hapa chini.

Nguvu ya wavu ilikwisha kuthibitishwa zamani. Mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Carmichael Low walikaa msimu wa malaria katika kibanda kilichofungwa wavu kwenye eneo la mabwawa karibu na Roma. Mchana walitoka na kutembea kama watu wengine. Jua lilipokaribia kuzama walijifungia ndani hadi asubuhi. Hawakupata malaria, ilhali watu wa eneo hilo waliugua. Ninaukumbusha mfano huu kwa sababu ya ile ratiba yao ya machweo: wavu uliwafaa kwa kuwa walikuwa nyuma yake katika saa zinazohusika. Baraza la wavu ambalo familia hukaa hadi saa moja usiku, kisha wote wakatoka kwenda kuongea getini, limewakinga nusu ya jioni tu.

Udhaifu wa wavu wa kudumu uko kwenye nyufa. Baraza la kwanza nililolifunga wavu nililifunga pande tatu kwa uangalifu, na mbu wakaendelea kuingia wiki nzima. Jioni moja nilipanda ngazi nikiwa na tochi, nikaona kilichokuwa wazi: bati la paa lilikuwa na mawimbi, na chini ya kila wimbi, juu ya boriti, palikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Mbu walikuwa wanapenya hapo, wanatulia kwenye kivuli cha boriti, kisha wanashuka. Palihitajika ukanda mwembamba wa wavu uliokunjwa na kusokomezwa katika kila wimbi, na kazi hiyo ya saa mbili ndiyo iliyolikamilisha baraza. Kwenye sakafu ya mbao zilizoachana, wavu mwingine lazima ulazwe chini ya mbao kabla hazijapigiliwa. Zaidi ya hayo, sahani za maji chini ya vyungu vya maua ziondolewe, kwa sababu Aedes huzaliana humo na, penye joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Wavu hapo utakuwa unamfungia mbu ndani pamoja nawe.

Wavu wa kushusha, uwe wa kuviringishwa kwenye boriti au wa pazia, huzuia mbu wale wale ukiwa umeshushwa, na hauzuii chochote ukiwa juu. Unamfaa mtu ambaye karatasi yake inaonyesha kwamba anaumwa katika saa zinazojulikana. Kwa mbu wa machweo ni njia nzuri sana, mradi ushushwe nusu saa kabla ya mbu kutoka, maana ukishushwa baadaye huwafungia ndani waliokwisha kuingia. Kwa Aedes wa mchana faida yake hupungua, kwa kuwa itabidi ukae chini karibu kutwa, na hapo umefika kwenye wavu wa kudumu kwa njia ndefu zaidi.

Upepo na joto

Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Mtu hapozwi na hali ya hewa peke yake; hewa inayotembea juu ya ngozi huchukua jasho na joto. Mwendo wa hewa wa kama mita 0.8 kwa sekunde, upepo unaotosha kutikisa karatasi mezani, humfanya mtu ahisi kana kwamba joto limeshuka kwa nyuzijoto 3 hivi. Kwa anayeishi penye unyevu mwingi, hizo ndizo zinazotenganisha baraza linalokalika na lisilokalika.

Ukiutazama wavu wa kawaida kwa karibu, takriban thuluthi mbili ya eneo lake ni matundu na inayobaki ni uzi. Ule wa 20 kwa 20 hubaki na matundu yapatayo nusu ya eneo. Lakini upepo unaopotea haulingani moja kwa moja na eneo lililozibwa, kwa kuwa hewa husugua kila uzi inapopita, na msuguano huo huumiza zaidi upepo dhaifu kuliko upepo mkali. Anayetaka kuona jambo hili kwa macho yake achukue fremu ndogo yenye wavu, aisimamishe jioni tulivu, na ashike kijiti kinachofuka moshi upande unakotoka upepo. Moshi utafika kwenye wavu, utasita, utatanda kidogo kama maji yaliyokutana na ungo, kisha sehemu yake itapenya polepole na nyingine itazunguka pembeni. Arudie adhuhuri upepo ukiwa na nguvu, na moshi utapita karibu bila kusita.

Matokeo yake ni kwamba wavu hunyima upepo zaidi katika saa ile ile unapohitajika zaidi, kwa kuwa katika sehemu nyingi upepo hutulia machweo, na kutulia huko ndiko kunakowapa mbu nafasi ya kuruka. Kwa sababu hiyo sishauri mtu afunge wavu wa kudumu bila kupanga feni katika bajeti ile ile. Feni ya dari yenye uwezo wa kuhimili unyevu wa nje, iliyofungwa mapanga yake yakiwa angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, hurudisha sehemu kubwa ya kilichochukuliwa na wavu. Feni haipozi hewa. Humpoza mtu aliye chini yake, kwa hiyo ifungwe juu ya viti na si katikati ya baraza kwa ajili ya urembo. Penye joto kavu sana ijulikane pia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzijoto 40, kwa kuwa juu ya hapo hewa inayopulizwa inaweza kuupasha mwili badala ya kuupoza.

Wavu wa kudumu una faida moja ambayo watu wengi hawaihesabu. Baraza likishafungwa, milango na madirisha ya nyumba yanayolitazama yanaweza kuachwa wazi jioni nzima, na pengine usiku kucha mahali palipo salama, na nyumba ikapoa kwa hewa ya nje. Eneo la wavu wa baraza ni kubwa mara nyingi kuliko la dirisha, kwa hiyo hewa hupita polepole katika kila tundu na hupoteza nguvu kidogo kuliko ingelazimika kupenya kwenye wavu wa dirisha dogo. Ila faida hiyo hutoweka ukiacha wavu wa zamani kwenye madirisha hayo hayo, kwa kuwa hewa italazimika kupita nyavu mbili. Ukifunga baraza, ondoa nyavu za madirisha yaliyomo ndani yake.

Baraza la wazi linabaki mshindi wa upepo bila ubishi, na penye upepo wa kudumu, kama kwenye kilima au ufuo ulioelekea bahari, upepo wenyewe hufukuza mbu. Wavu wa kushusha unakupa upepo kamili mchana na upepo wa wavu jioni. Kwa anayelala kidogo barazani baada ya chakula cha mchana tofauti hiyo ni kubwa, na kwa anayekaa jioni peke yake haipo kabisa.

Jua na mvua

Wavu wa kawaida haukingi jua kwa kiasi cha kutegemewa. Kinachokinga jua ni paa lenye ukingo mrefu, miti, na upande ambao baraza limeelekea. Baraza linalotazama magharibi hupigwa na jua la chini linalopita chini ya paa, na hapo kuna wavu mzito wa kukinga jua ambao, kulingana na ufumaji wake, huzuia kati ya asilimia 65 na 90 ya mionzi. Wavu huo hupunguza upepo na mandhari kuliko ule wa kawaida, kwa hiyo ufungwe upande wa magharibi tu, na ikiwezekana uwe wa kushusha. Kwa kazi hii ya jua la alasiri wavu wa kushusha ndio unaofaa kuliko wenzake wote.

Mvua ikipiga kwa ubavu, wavu huvunja matone na kuyageuza kuwa ukungu mwembamba, na viti huloa kidogo badala ya kuloa sana. Mara baada ya mvua utaona matundu yameshika utando wa maji, na mpaka yakauke hewa haipiti. Katika dhoruba wavu wa kudumu huwa kama tanga, na nguvu zote huishia kwenye nguzo; penye vimbunga fremu ziwe za kuchomoka ili ziondolewe mapema. Wavu wa kuviringishwa lazima upandishwe kabla upepo haujachafuka. Baraza la wazi halina cha kupoteza isipokuwa viti.

Vifaa na matunzo

Baraza la wazi hutaka ufagio kila siku. Vumbi, majani, vinyesi vya ndege na vya mijusi, na viota vya nyigu kwenye pembe za dari ni sehemu ya maisha yake, na mito ya viti huchakaa mapema. Si matunzo magumu, ila hayana likizo.

Kwa wavu wa kudumu, uamuzi mkubwa ni nyuzi zake. Nyuzi za glasi zilizopakwa plastiki ndizo zinazotumika zaidi: hazishiki kutu, ni rahisi kuzitandaza, na fundi yeyote anaweza kuzibadilisha, lakini hulegea kwa jua la miaka na huchanika kwa kucha za mbwa. Alumini hukaa wima vizuri zaidi, lakini ikibonyezwa hubaki na kovu, na chumvi ya bahari huila. Waya uliopakwa zinki nisingeuweka karibu na bahari hata kidogo. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 ndicho kinachostahimili chumvi kwa muda mrefu, nacho ni ghali. Kwa nyumba yenye wanyama kuna wavu mnene wa poliesta unaostahimili makucha, na si lazima ufungwe kila mahali; mita moja ya chini inatosha. Rangi nyeusi au kijivu cha giza ndiyo ichaguliwe, kwa kuwa wavu mweupe au wa fedha hurudisha mwanga machoni na kuficha bustani, ilhali mweusi jicho huupita.

Wavu hushikiliwa kwenye mfereji wa fremu kwa ugwe wa mpira. Jua hukausha ugwe huo, na dalili ya kwanza huonekana kwenye pembe: wavu hutoa tumbo dogo, kisha siku moja ncha ya ugwe hujitokeza kama uzi wa kiatu. Ukiirudisha siku hiyo ni kazi ya dakika tano. Ukiiacha, upepo utafungua upande mzima. Mara moja kila mwezi au miwili, wavu upigwe brashi laini na kumwagiwa maji kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu vumbi likichanganyika na umande huziba matundu, na baraza lililokuwa na hewa mwaka wa kwanza huonekana limekuwa zito mwaka wa pili bila mtu kujua kwa nini.

Mlango ndio unaoamua kama kazi yote ilikuwa na maana. Ufunguke kwa nje, kwa kuwa mbu hutua juu ya wavu wa mlango wakifuata harufu ya watu, na mlango unaofunguka kwa ndani huwaingiza. Uwe na springi ya kuufunga wenyewe, na chini yake uwekwe ukanda wa brashi unaogusa sakafu. Namna rahisi ya kuukagua ni kusimama ndani usiku taa za barazani zikiwa zimezimwa na mtu akimulika tochi kutoka nje: kila mstari wa mwanga unaouona ni njia ya mbu. Viti navyo visogezwe mbali na wavu kwa shubiri moja au mbili, maana mkono au mgongo ukigusa wavu, mbu huuma kupitia matundu.

Wavu wa kushusha una sehemu zinazotembea, na sehemu zinazotembea huharibika. Reli za pembeni hujaa mchanga, springi huchoka, na wenye mota huhitaji umeme na fundi anayeijua mota hiyo. Ule wa pazia hauna matatizo hayo, lakini huinuliwa na upepo. Uzani ushonwe kwenye pindo, urefu wake uvuke kimo ili pindo lilale sakafuni, na vipande vipishane kwa sentimita 30 hivi pale watu wanapopita.

Gharama

Nitasema kwa kifupi, kwa kuwa bei hutofautiana mno. Baraza la wazi lenye feni mbili ndilo la bei ya chini. Pazia la wavu hufuata. Wavu wa kudumu wa nyuzi za glasi kwenye fremu za mbao huwa katikati, na sehemu kubwa ya gharama yake ni fremu, mlango na ufundi. Wavu wenyewe ni sehemu ndogo, kwa hiyo kubana fedha kwa kununua wavu dhaifu hakuokoi kitu. Wavu wa kuviringishwa wenye reli na mota mara nyingi ndio ghali kuliko yote kwa kila upande, na watu hushangaa kwa sababu huonekana mwepesi. Katika kila hali gawanya gharama kwa idadi ya jioni utakazokaa nje kwa mwaka. Anayekaa jioni 300 na anayekaa jioni 40 hawanunui kitu kimoja.

Matumizi ya kila siku

Baraza la wazi ni sehemu ya ua: mtu hutoka na sahani mikononi bila kufungua mlango, watoto hukimbia huku na huku, na jirani anayepita husalimiwa bila kizuizi. Kwa watu wengi hiyo ndiyo maana yenyewe ya baraza, na nadhani wanaofunga wavu wanapaswa kuikiri hasara hii waziwazi. Jiko la mkaa linaweza kuwekwa ukingoni mwake, mbali na nguzo za mbao.

Baraza la wavu ni chumba. Mtoto mchanga anaweza kulazwa mkekani alasiri, kitabu kikaachwa mezani, chakula kikakaa bila kufunikwa kwa muda mfupi, na paka wa nyumbani akabaki salama. Kwa upande mwingine mlango hufunguliwa mara nyingi, na mahali penye watoto wengi na mbwa wawili mlango huo utakuwa wazi zaidi ya unavyofungwa. Mkaa usiwashwe ndani yake: cheche huyeyusha wavu wa plastiki na kuacha matundu yenye kingo nyeusi, na moshi nao hutoka polepole. Fremu iwe na mhimili wa kati, kimo cha kama sentimita 90 kutoka sakafuni, ili mtoto anayejiegemeza aangukie ubao na si wavu. Faragha hugeuka kulingana na saa. Mchana wavu mweusi humficha aliye ndani, usiku taa ikiwaka humwonyesha.

Wavu wa kushusha huacha baraza libaki baraza mchana, lakini hutaka mtu mwenye nidhamu. Katika nyumba ambayo hakuna anayejua ni jukumu la nani kuushusha, utabaki juu.

Kila njia inamfaa nani

Baraza la wazi linamfaa anayeishi penye upepo wa uhakika au penye mbu wachache, anayekaa nje kwa vipindi vifupi, anayepokea wageni wengi, na mwenye umeme wa kutegemewa kwa ajili ya feni. Wavu wa kudumu unamfaa mwenye watoto wadogo au mgonjwa, anayeishi penye malaria au dengi, anayetaka kuacha milango ya nyumba wazi usiku, na anayekaa nje karibu kila siku. Wavu wa kushusha unamfaa mwenye baraza zuri la mandhari ambaye tatizo lake lina saa maalumu, au ambaye upande mmoja tu ndio unaosumbua.

Kuchagua kwa kutazama hali yako

Ikiwa unaishi penye malaria na familia hukaa nje baada ya machweo, mizani inaelemea wavu wa kudumu pamoja na feni, na chandarua cha kitandani kibaki mahali pake, kwa kuwa baraza halilindi usingizi wa vyumba vilivyo upande wa pili wa nyumba.

Ikiwa unaumwa mchana, anza na maji yaliyotuama kabla ya kununua chochote. Zungukia vyungu, mifereji ya paa, ndoo na matairi kila wiki. Tatizo likibaki baada ya mwezi mmoja, wavu wa kudumu utakufaa kuliko wa kushusha.

Ikiwa kinachokusumbua ni visubi, na pana upepo hafifu, fikiri mara mbili kabla ya kufunga wavu wenye matundu madogo sana pande zote. Jaribu kwanza feni yenye nguvu, kwa kuwa visubi huruka kwa udhaifu hata kuliko mbu. Ukifunga wavu huo, panua sehemu zilizo wazi kadiri jengo linavyoruhusu, bila kuta za nusu zinazozuia hewa ya chini.

Ikiwa baraza lako ni dogo, lina ukuta pande mbili na hewa yake tayari ni nzito, wavu wa kudumu utalifanya lisikalike. Pazia la wavu kwenye upande mmoja wa wazi linatosha.

Ikiwa uko ufukweni, upepo na chumvi vyote vinakuambia uache wazi. Na kama mbu hutoka upepo unapokatika jioni, wavu wa kushusha wenye fremu isiyoshika kutu utaziba saa hizo chache.

Ikiwa nyumba si yako, au bado moyo wako umegawanyika, funga wavu wa bei nafuu kwa vibao vyembamba na skrubu chache, bila fremu za kudumu, kwa msimu mmoja wa mbu. Endelea kuandika kwenye karatasi ile ile ya mwanzo: saa ulizokaa, upepo, na saa ulipoumwa. Msimu ukiisha, weka jioni za kabla ya wavu kando ya jioni za baada yake, na uhesabu ni katika zipi ulikaa nje kwa muda mrefu zaidi.